Nampeleka mama Madurai kutibiwa macho. Hekalu la Meenakshi tuzuru kabla ya upasuaji au baada?

Mchonga_Milango (Mombasa)

Assalaam alaykum wakuu, na wengine wote hamjambo.

In Shaa Allah mwezi wa kwanza nampeleka mamangu India kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kulia limefika mahali hamtambui mtu mpaka mtu mwenyewe aseme. Miadi tumepata Madurai, kusini kabisa, jimbo la Tamil Nadu. Tutashukia Chennai kisha tuunganishe kwa treni au ndege, hilo bado sijaamua.

Kazi yangu ni kuchonga milango ya mbao, ile ya kizamani yenye maua na minyororo pembeni. Tangu nijue tunakwenda Madurai nimekuwa nikitazama picha za hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu, zile nguzo za mawe zilizochongwa simba na farasi, na wallahi usingizi unanipaa. Nimechonga miaka 18 na sijui mtu anawezaje kufanya vile kwenye jiwe. Siwezi kufika mji ule nikarudi bila kuziona.

Naomba msaada wenu. Sisi ni Waislamu, je, tunaruhusiwa kuingia? Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, humo ndani patatembeka? Halafu tuna siku mbili kabla ya kuonana na daktari, na siku nne au tano baada ya upasuaji. Mimi nimepanga twende zile mbili za mwanzo, tumalize matembezi kabla hatujaingia kwenye mambo ya hospitali. Mama anasema hekalu yeye hana haja nalo, lakini hataki kubaki chumbani peke yake.

Binti_Pangani

Wa alaykum salaam kaka. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Nianze na la muhimu kuliko yote: usimpeleke kabla. Mpeleke baada. Nakusihi. Mimi nilipanga kama ulivyopanga wewe, kwa sababu ile ile, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Tulikwenda mwezi wa tatu mwaka 2023, mimi na mama, miadi ikiwa siku ya tatu. Jioni ya kwanza nikamtoa. Nilikuwa nimesoma mengi, nina hamu, nataka na yeye apate. Tukasimama mbele ya mnara wa lango la kusini, ndio mrefu kuliko yote, una zaidi ya mita 50 na ulijengwa 1559. Malango yenye minara kama hiyo yako 14 pale. Kuanzia chini hadi kileleni umejaa masanamu, yamebanana, buluu, kijani, waridi, manjano, yenye macho makubwa na mikono mingi. Nikamwambia, "Mama, tazama juu." Akainua uso. Akatazama kitambo, kwa ajili yangu. Kisha akasema polepole, "Naona weupe, mwanangu. Kama mlima uliofunikwa na umande."

Nikanyamaza. Watu walikuwa wengi, viatu tumeacha, sakafu bado ina moto wa mchana, mama kanishika kifundo cha mkono kama mtoto anayevushwa mto. Kila aliyetupita karibu alimshtua maana hakumuona akija. Nilikuwa nimemtoa mtu asiyeona nikampeleka mahali palipotengenezwa kwa ajili ya macho.

Tukiwa tunarudi, mwenyewe akasimama ghafla. "Hapa kuna asumini." Na kweli, hatua kama tano mbele alikaa mama mmoja wa makamo chini kwenye gunia, na kilima cha asumini kwenye kitambaa kibichi. Madurai ni mji wa asumini. Wanaiita malli, ina petali nene kuliko ya kwetu, na inasafirishwa mbali. Yule mama alikuwa akiifunga kwa nyuzi za mgomba, viua viwili huku viwili huku, fundo, viwili huku viwili huku, fundo, bila kutazama vidole vyake. Anauza kwa kipimo wanachokiita muzham: anaweka ncha ya uzi kwenye kiwiko, anauvuta hadi ncha ya kidole cha kati, anakata. Mama yangu akashika ule mkono wa yule mwanamke, akaupapasa kutoka kiwiko hadi kidole, akasema, "Dhiraa." Dhiraa ya bibi zetu, ile ile, walivyokuwa wakipima uzi wa asumini Pangani siku za harusi. Wale wawili hawakuwa na hata neno moja la lugha ya pamoja. Yule muuzaji akamvika mama maua juu ya mtandio na akakataa pesa ya kipande cha pili.

Hicho ndicho mama alichokipata jioni ile. Alikipata kwa pua na kwa vidole, na nashukuru alikipata. Lakini mnara hakuuona.

Sasa sikiliza habari ya mara ya pili. Alifanyiwa jicho moja kwanza. Siku ya nne daktari akasema anaweza kutoka, mradi avae miwani ya giza, asisongwe na watu, asiguse jicho, maji yasiingie, na dawa ya matone asikose. Tukaenda alfajiri, mahali pale pale, lango la kusini. Hakuniambia chochote kwa muda mrefu. Nikadhani hajaona tena. Halafu akaanza kuuliza. Yule mwenye kichwa cha tembo ni nani? Yule aliyepanda ng'ombe? Yule mwanamke wa kijani? Nikamwambia huyo wa kijani ndiye Meenakshi, mwenye mji. Akaendelea kutazama. Kisha akashusha macho akajitazama yeye mwenyewe, kanga aliyojifunga na kanga aliyojitanda, akashika pindo za zote mbili akazilinganisha. "Hizi si doti moja," akasema. "Umeniacha nitoke Pangani mpaka Bara Hindi nimevaa hivi?"

Nililia pale barabarani kaka. Miaka miwili mama alikuwa akijifunga kanga kwa kupapasa na mimi sikuwa nimegundua.

Basi ndiyo maana nasema, baada. Zile siku mbili za mwanzo mwache apumzike, mnywe chai, mtembee kidogo karibu na mnapolala.

Maswali yako mengine nayajibu baadaye leo, naingia kazini.

Dodoma_Chennai

Dada hapo juu umeniliza na mimi.

Mimi nasoma Chennai mwaka wa tatu, nimekwenda Madurai mara nne. Niongeze ya safari tu.

Mkuu, kama mama anaweza kulala kwenye treni, chukua treni ya usiku. Pandian Express inaondoka stesheni ya Egmore usiku na inaingia Madurai alfajiri. Angalia vizuri ni Egmore, siyo Chennai Central, watu wamekosa treni kwa kosa hilo. Kata daraja lenye kiyoyozi na umtafutie mama kitanda cha chini, cha juu kina ngazi ya chuma na kwa magoti yake hakifai. Mchana ipo Vaigai Express, inatumia saa saba na kitu, unaona mashamba ya mpunga na migomba njia nzima. Ni kama kilomita 490 kwa reli.

Jambo kubwa: mwezi wa kwanza katikati, tarehe 14 au 15, kuna Pongal, sikukuu yao ya mavuno. Watu wote wa Chennai wanarudi kwao, kama Wachaga Desemba. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla na za wiki ya Pongal zinakwisha mapema mno. Kama miadi yenu imeangukia hapo, uliza hospitali kama siku hizo wanafanya kazi kawaida, na tiketi kata siku ile ile inapofunguliwa.

Nyumba za wageni: kila anayelaza mgeni wa nje lazima apeleke taarifa zake serikalini, inaitwa Fomu C. Nyumba ndogo ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo, zitakwambia zimejaa. Usichukie. Ulizia kabla hamjafika kama wanapokea wageni wa nje, na tembea na nakala za pasipoti na viza zenu zote mbili, ya mgonjwa na ya msindikizaji.

Na Kihindi ulichojifunza kwenye sinema kiache Mombasa. Huku ni Kitamil. Sema *vanakkam* kwa salamu, *nandri* kwa asante. Mwanamume aliyekuzidi ni *anna*, mwanamke ni *akka*, kijana ni *thambi*, mama mtu mzima ni *amma*. Kama sisi tu, hawamwiti mtu kwa jina. Ukiita "anna" kwa dereva wa bajaji, na bei inalainika.

Pita_Njia

Mimi nilipita Madurai saa mbili tu, nikapiga picha nje nikaendelea na safari ya Rameswaram. Inatosha. Ukitaka raha hasa nenda mwezi wa nne wakati wa sherehe ya Chithirai, wanapoozwa miungu, mji mzima unakesha.

Binti_Pangani

Pita_Njia, Chithirai ni kubwa kweli, nimesimuliwa na wenyeji. Meenakshi anaolewa upya na Sundareswarar, yaani Shiva, na sanamu ya Alagar, kaka wa bibi harusi, inaletwa kutoka hekalu la Alagar Kovil nje ya mji, inaingia mto Vaigai juu ya farasi wa dhahabu. Lakini umati wake ni wa kutisha na jua la mwezi wa nne ni kali. Mtu aliyetoka kupasuliwa jicho hapelekwi huko. Na saa mbili hazitoshi kaka, samahani, nitasema kwa nini.

Mchonga_Milango, sasa maswali yako.

Kuingia mnaruhusiwa. Asiye Mhindu anaingia hadi kwenye kumbi, kwenye korido za nguzo, kwenye bwawa la Yungiyungi la Dhahabu, na kwenye Ukumbi wa Nguzo Elfu ambao siku hizi ni makumbusho na una tiketi yake. Haingii kwenye vyumba vya ndani kabisa, cha Meenakshi na cha mumewe. Kibao kipo mlangoni. Ukifika hapo simama, usibishane, wale wanalinda kilicho chao. Na mama kama moyo wake hautaki kuingia, asilazimishwe. Mama yangu naye alikuwa na wasiwasi huo huo. Tulikubaliana anaingia kutazama kazi ya mikono ya watu, akakaa kwenye ngazi za bwawa akivuta tasbihi yake, na hakuna aliyemsumbua. Mwanamke mmoja wa pale alimpisha kwenye kivuli.

Hekalu hufunguliwa alfajiri, hufungwa kama saa sita na nusu mchana, hufunguliwa tena saa kumi jioni hadi usiku. Wageni wengi hawajui, wanafika saa saba wanakuta milango imefungwa na mawe yanaunguza nyayo. Wewe nenda kumi na mbili asubuhi. Njiani utawakuta wanawake wamemwagia maji mbele ya milango yao wanachora kwa unga wa mchele, wanauachia unga katikati ya vidole viwili, nukta kwanza, kisha mistari inazizunguka nukta. Wanaita kolam. Wewe mchongaji utasimama hapo nusu saa, najua.

Mavazi: suruali ndefu, shati la mikono. Mama na kanga zake au baibui hana neno.

Simu hairuhusiwi ndani. Februari 2018 moto ulizuka usiku kwenye maduka yaliyokuwa ndani ya hekalu upande wa mashariki, ukumbi wa zamani ukaharibika vibaya, na mwaka huo huo mahakama ikaamuru simu zipigwe marufuku. Unaiacha langoni kwenye kabati, unapewa namba. Kwa hiyo picha za nguzo hutapiga. Chukua kijidaftari na penseli. Na nakwambia, kwa mtu wa fani yako ni afadhali, kwa sababu ukichora unalazimika kuelewa.

Tazama hasa Ukumbi wa Nguzo Elfu. Ulijengwa 1569, na nguzo zenyewe ni 985. Kila moja imechongwa, na hazifanani. Mnyama utakayemuona amesimama kwa miguu ya nyuma anaitwa yali, mwili wa simba, mara nyingi na mkonga wa tembo. Ukiingia simama mwanzo wa safu ya katikati, tazama mstari unavyokwenda hadi mwisho, halafu sogea hatua moja kando. Nguzo zinajipanga upya, safu nyingine inafunguka. Kuna pia nguzo za muziki karibu na mnara wa kaskazini: jiwe moja limechongwa likawa kundi la nguzo nyembamba, na kila moja ikigongwa inatoa sauti yake.

Ukitoka lango la mashariki, ng'ambo ya barabara kuna Puthu Mandapam, ukumbi wa karne ya 17 uliojengwa na mfalme Tirumalai Nayak. Kwa miaka mingi mafundi cherehani walikuwa ndani yake, cherehani zimepangwa katikati ya wafalme wa mawe, baadaye wakahamishiwa jengo jingine. Mfalme huyo huyo alijenga ikulu yake, 1636, kusini mashariki mwa hekalu, unaweza kufika kwa miguu. Hapo picha unapiga. Sogeza uso kwenye nguzo utazame lipu yake: ni chokaa ya makombe iliyochanganywa na ute wa yai, ndiyo maana inateleza na kung'aa. Mimi ni mtoto wa fundi muashi, baba yangu alichoma chokaa ya matumbawe maisha yake yote, na nilitamani angekuwa hai nimsimulie.

Sasa kwa nini saa mbili hazitoshi. Kwa sababu hekalu lile linaishi kwa saa zake. Kila usiku kabla ya kufunga, kama saa tatu, wanambeba Sundareswarar kutoka chumbani kwake kwenda kulala kwa mkewe. Utasikia kwanza ngoma, kisha zumari, ndefu kuliko ya kwetu lakini ni zumari tu, sauti ile ile ya kukwaruza moyo. Halafu moshi wa ubani, mienge, kisha machela ndogo ya fedha, imefunikwa, mabegani kwa watu. Inapita koridoni mbele yako, inaingia kwa Meenakshi, na wewe unabaki nje. Asubuhi wanamrudisha. Siku zote za mwaka.

Na ona, mume ndiye anayekwenda kwa mke. Pale waumini humsalimu Meenakshi kwanza, ndipo mumewe. Katika masimulizi yao alikuwa binti wa mfalme wa Pandya, akatawala mwenyewe, akaenda vitani, akawashinda wafalme mpaka alipokutana na Shiva. Watamil wana msemo, wakitaka kujua nani ana sauti nyumbani kwako wanauliza, "Madurai au Chidambaram?" Madurai maana yake mke, Chidambaram, mji wa hekalu ambako Shiva ndiye mkuu, maana yake mume. Jina lenyewe, meen ni samaki, akshi ni macho. Mwenye macho ya samaki. Mwenye nyumba tuliyopanga alinieleza kwamba samaki hafumbi macho, na yeye Meenakshi haufumbii macho mji wake.

Mji wa namna hiyo ndio uliokuja kuwa na Aravind, hospitali ya macho. Kama miadi yenu iko hapo, jua kwamba ilianza 1976 na vitanda 11. Mwanzilishi wake, Dkt. Govindappa Venkataswamy, alikuwa amestaafu kazi ya serikali, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo tangu ujana, akajifunza kupasua macho kwa vidole hivyo hivyo. Wengi wanatibiwa bure au kwa pesa kidogo, na wanaolipa ndio wanaowabeba wengine. Hata tembo wa hekalu, Parvathi, alipopata mtoto wa jicho wakaletwa madaktari wa wanyama kutoka Thailand kumwangalia.

Mwalimu_Mstaafu (Kilwa Masoko)

Vijana, nimesoma uzi huu tangu juu. Niruhusuni nitie neno, kwa kuwa nimefundisha historia miaka 34 na jambo hili watoto wetu hawaelezwi.

Ibn Battuta aliyekuja kwetu Kilwa mwaka 1331, akapita Mombasa, akausifia mji wetu, ni huyo huyo aliyefika Madurai miaka ya 1340. Wakati ule mji ulikuwa chini ya masultani Waislamu waliojitenga na Delhi, utawala uliodumu tangu miaka ya 1330 hadi miaka ya 1370. Majeshi ya Delhi yakiongozwa na Malik Kafur yalikuwa yameuvamia mji mwaka 1311 na hekalu likaporwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mnachokwenda kuona leo ilijengwa upya karne ya 16 na 17. Ibn Battuta alimkuta sultani Ghiyath al-Din, wakiwa na ukwe kati yao, na hakuficha alivyochukizwa na ukatili wake kwa mateka, wanawake na watoto. Alikuta pia maradhi yanaua watu kwa siku mbili tatu. Mwislamu mgeni aliandika ubaya wa sultani Mwislamu bila kumpendelea. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa maelfu ya kilomita alizotembea.

Mchonga_Milango, kwa sala ya Ijumaa uliza Kazimar Periya Pallivasal, msikiti mkubwa wa Kazimar. Ni wa karne ya 13, na kutoka hekaluni hata bajaji huhitaji. Waislamu wa Madurai ni wa muda mrefu na lugha yao ni Kitamil, kama sisi tunavyosali na kuzungumza Kiswahili.

Jambo la mwisho. Hapo mlangoni utakaposimama kwa kuwa wewe si Mhindu, kumbuka kuwa hata Wahindu wengi walizuiwa. Watu wa tabaka za chini hawakuruhusiwa kuvuka lango mpaka tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer alipowaongoza wachache wao kuingia. Na ni mji huo huo, Septemba 1921, Gandhi alipoacha kofia na fulana akajifunga kipande cha nguo kama mkulima maskini. Makumbusho yake yapo, ng'ambo ya mto, na nguo aliyovaa siku aliyouawa imehifadhiwa humo. Nendeni.

Mchonga_Milango (Mombasa)

Sijui niwashukuru vipi. Mwalimu shikamoo, Kazimar nimeiandika. Dodoma_Chennai, miadi ni tarehe 20, kwa hiyo Pongal itakuwa imepita, lakini treni nitakata mapema.

Binti_Pangani, nimemsomea mama maneno yako yote usiku huu, akanyamaza. Ulipofika kwenye kanga akaniambia nimletee sanduku lake. Nikalileta. Tumetoa kanga zote kitandani, mimi na yeye, tukazipanga doti kwa doti, mimi namsomea jina yeye anakunja. Zilikuwa zimechanganyika nne.

Amekubali kwenda hekaluni, lakini baada. Na mimi zile siku mbili za mwanzo sitakwenda, hata peke yangu. Nitamsubiri.

Chakula je? Mama ana sukari.

Binti_Pangani

Allah amjaalie shifaa.

Chakula hamtalala njaa. Asubuhi idli, ni kama vitumbua vya mvuke visivyo na mafuta wala sukari, vinaliwa na mchuzi wa dengu. Kwa sukari yake apime, maana ni mchele. Nyama halali si shida, usiku migahawa ya Waislamu inapika parotta hadi saa nane, mji ule hauna kulala. Pilipili yao ni kali, sema *kaaram vendam*, na ukiona wamezidi kumimina chakula kwenye jani la mgomba sema *podhum*, inatosha. Jigarthanda mama asinywe, ni maziwa mazito yenye shira na aiskrimu, lakini wewe kunywa. Jina lake ni la Waislamu wa huko: jigar ni ini, thanda ni baridi. Poza ini. Ukinywa saa tisa mchana, jua likiwa kali, utaona roho imesuuzika.

Tahadhari moja. Barabara za kuzunguka hekalu zimepewa majina ya miezi yao, Adi ndani ya ukuta, kisha Chithirai, Avani Moola, Masi, kila moja inaizunguka nyenzake. Watakuja watu wanaojiita waongozaji, watakwambia hekalu limefungwa, njoo dukani kwetu juu, utaona minara yote kutoka paa. Mimi nilipanda, nikakalishwa saa nzima nikionyeshwa mashuka. Minara huonekana bure ukiwa barabarani. Pia hufika muda, kila miaka kumi na kitu, minara hufunikwa na kupakwa rangi upya, kama ilivyokuwa kabla ya sherehe ya kuitakasa ya Aprili 2009. Uliza mnapolala, usije ukampandisha mama matarajio mkakuta maturubali.

Mchonga_Milango (Mombasa)

Nimeelewa dada. Mama ana swali moja, ananisimamia hapa niandike: yule muuza asumini alikuwa lango gani?

Binti_Pangani

Mwambie lango la mashariki, ukiwa umeipa Puthu Mandapam mgongo, mkono wa kulia. Mwezi wa kwanza ni baridi kwao, asumini huwa chache na bei inapanda, asishtuke. Aende baada ya saa kumi jioni, achague zenye vichwa vilivyofumba bado, zitafunguka zenyewe usiku akiwa amelala. Na asikubali zilizokatwa tayari. Apimiwe mbele yake, kwa mkono.